Pasipoti Iliyozikwa

Sehemu ya tisa

"Pasipoti ya mtoto iko kaburini," alisema Mzee Halidi. "Iko huko chini na Bibi Semeni."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na lawama zenu zimenifikia. Ndugu mmoja wa Mlali amenipigia mara tatu kuniambia kwamba pasipoti haina miguu ya kujipeleka kaburini. Ndugu yangu, tulia. Miguu ilikuwa ya Mzee Halidi.

Kwa aliyelishika gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi. Zuleha ana miaka kumi na sita, ni golikipa wa timu ya wasichana ya Mafiga, pale Morogoro mjini. Kesho Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, basi la timu linaondoka kwenda Dar es Salaam kuwahi ndege ya Ureno. Siku kumi za ugenini: asubuhi mazoezi kwenye nyasi za kweli, mchana kutembezwa, waone ngome za kale, viwanja vikubwa na bahari ya upande ule mwingine. Tena kuna shule ya mpira huko inayomtaka Zuleha kwa jina lake, abaki asome na adake. Nafasi ni moja.

Viza imebandikwa ndani ya pasipoti. Bila kitabu kile hakuna safari, na kingine chenye viza hakipatikani kwa siku moja, hata ujuane na nani.

Bibi Semeni ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alizikwa juzi Jumapili hapa kijijini, juu ya Matombo, kwenye shamba la ukoo. Leo Jumanne imesomwa hitima ya siku ya tatu, pilau imeliwa, na wanawake wameanza kukunja mikeka. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu alfajiri na umekaa juu ya migomba kama mgeni asiyetaka kuaga.

"Rudia," alisema Kocha Irene.

Mzee Halidi alikuwa amesimama uani na kofia mkononi. Siku nyingine mtu huyu hanyamazi. Yeye ni mtani wa ukoo wa Bibi Semeni, na kwa Waluguru mtani ana kazi yake msibani: achokoze, atukane, ateke vitu vya wafiwa mpaka vikombolewe, ilimradi watu wasizimie kwa kulia. Ndicho alichokifanya Jumapili. Alimkuta Zuleha ameshika pasipoti, maana mtoto alikuwa amemwahidi bibi yake kumwonesha picha iliyomo ndani, akaja nayo ingawa bibi ameshafunikwa shuka. Halidi akainyakua. "Golikipa wenu nimemteka," alitangaza. "Haendi kwa Wazungu mpaka nipate jogoo."

Watu walicheka. Hata Zuleha alicheka, na kicheko kile kinamchoma hadi leo.

Kisha Halidi akaruka ndani ya kaburi lililokuwa likisubiri, akajilaza kwenye mwanandani, ule upenyo wa ubavuni anapolazwa maiti, akasema pamemkaa vizuri na hatoki. Walimtoa kwa kumbembeleza. Nani angekumbuka pasipoti wakati ule?

"Ilikuwa kwenye mfuko wa shati," alisema sasa. "Nilipofika nyumbani nikapapasa, mfuko mtupu. Njia ile nimeipita mara nne, mwanangu, ya nne kwa magoti. Siku mbili hizi chakula hakipiti. Haikuanguka kwingine. Ilianguka pale nilipojilaza."

Zuleha hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, "Hukuidondosha, babu. Bibi ameichukua."

"Zule," alisema Kocha Irene.

"Ameichukua, kocha. Hataki niende. Mimi namsikia."

Na hapo yakatoka aliyokuwa ameyaficha. Tangu Jumapili, kila akibaki peke yake, anasikia kikohozi kwenye migomba. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu kimya. Ndivyo alivyokuwa akikohoa bibi yake akipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Baada ya kikohozi inakuja harufu ya karafuu, maana Bibi Semeni alikuwa akitafuna karafuu kutuliza kifua.

Najua utakachosema, msomaji. Matombo karafuu ziko kila ua, na ukungu huu umekohoza nusu ya kijiji. Kocha Irene naye alisema hivyo hivyo. Haya, tutaonana mbele.

"Ni majonzi hayo, na hujalala," alimwambia. "Tutafute kwanza jinsi ya kuitoa."

Akamgeukia Sheikh Ahmadi, aliyesoma hitima na ambaye bado alikuwa ameketi na kikombe chake cha kahawa. Alimuuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa, huku ameinamisha kichwa, akitegemea kukaripiwa.

"Sheria ina nafasi," alijibu sheikh taratibu. "Mali ya mtu ikidondoka kaburini na mwenyewe anaihitaji, kaburi hufunguliwa kwa heshima, ikatolewa, likafungwa. Si jambo la kulipenda, lakini lipo. Wenye maiti waridhie tu."

Irene aliinua kichwa. "Basi tuchimbe," alisema. "Tuchimbe sasa hivi, kabla mvua haijaanza."

"Nani achimbe?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mjomba Kibwana, mtoto wa kiume wa Bibi Semeni, kaka wa marehemu mama yake Zuleha, na tangu Jumapili ndiye mkubwa wa ukoo. Mtu mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti. Siku zote tatu alikuwa hajamwambia Kocha Irene neno zaidi ya kuitikia shikamoo yake.

"Mwalimu, nikuulize," alisema. "Karatasi ya ruhusa ya huyu mtoto kwenda ng'ambo ilitiwa saini na nani?"

"Na baba yake, mzee. Hamza. Fomu inataka mzazi."

"Hamza ni shemeji yangu, sina ugomvi naye. Nakuuliza, huyu ni mtoto wa nani?"

Irene hakulielewa swali. Nilimwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu. Ni mzaliwa wa Njombe, miaka sita anafundisha mpira Morogoro, na bado hakujua kwamba Uluguruni mtoto ni wa upande wa mama. Baba atalea, atapenda, atasomesha. Lakini ukoo ni wa mama, shamba ni la mama, kaburi utakalolazwa ni la kwa mama, na wa kuulizwa ni mjomba. Irene alimaliza ruhusa yote mjini kwa kalamu moja, hakuna aliyepanda huku kubisha hodi. Zuleha alijua inavyotakiwa, akanyamaza, kwa sababu aliogopa jibu.

"Mimi hamkuniuliza," alisema Kibwana. "Mama yangu hamkumuuliza. Mlikimbia na karatasi yenu. Sasa karatasi imeshuka yenyewe mpaka pale ilipotakiwa kuanzia, halafu mnataka nishike jembe niitoe."

Sheikh Ahmadi alimaliza kahawa yake, akaaga. Kwake suala lilikuwa limekwisha na kwa ukoo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.

Simu ya Irene ikaita, ikakatika. Kijiji kile mtandao uko sehemu moja, juu kidogo nyuma ya migomba, kwenye kichuguu. Akapanda huko peke yake.

"Irene, uko wapi?" Alikuwa Bwana Shabbir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, meneja wa timu, mtu anayeongea na simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. "Mabegi yamefika dukani kwangu kumi na saba. La kumi na nane liko wapi?"

"Tuna tatizo dogo, Bwana Shabbir."

"Dogo kiasi gani?"

Akamweleza. Upande wa pili ukawa kimya kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa Shabbir ni habari ya kuandikwa gazetini.

"Mwache mama wa watu alale," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo Irene hakujua kama anayo. "Ruchi anadaka vizuri, na viza anayo. Tumweke Ruchi langoni."

"Wale wanamtaka Zuleha. Ruchi hawamjui."

"Najua wanayemtaka. Mimi nakuambia tuliye naye. Saa kumi na mbili nakutaka hapa, na Zuleha au bila Zuleha."

Simu ikakatika. Irene alibaki amesimama. Ukungu ulikuwa umemzunguka kabisa, haoni hata paa la nyumba lililokuwa hatua thelathini chini yake. Maji yalidondoka kwenye majani ya migomba, tone moja moja.

Nyuma yake mtu akakohoa.

Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Jani moja la mgomba lilikuwa likitikisika, mengine yote yametulia, na harufu ya karafuu ilikuja nzito mpaka macho yakamwasha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika. Irene hakushtuka kwa sababu ya maelezo ya Zuleha. Alishtuka kwa sababu kikohozi kile alikitambua. Alikuwa ameshakisikia kwa sikio lake mwenyewe, kabla ya msiba. Na Kocha Irene hakuwahi kuonana na Bibi Semeni hata siku moja.

Alishuka mbio, na alipofika uani hakumwambia mtu.

Alikuta mambo yamegeuka. Zuleha alikuwa amepiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Sikuja kumuuguza," alikuwa akisema. "Sikujua kama anaumwa, mjomba. Ningejua ningekuja hata kwa miguu. Kambini simu zetu anakaa nazo kocha wiki nzima, hatupewi mpaka mwisho wa wiki. Nilipopewa yangu, bibi ameshakufa. Sikumuaga. Kama pasipoti haitoki, basi isitoke. Mimi nataka nimuage."

Kibwana alimtazama mpwa wake. Uso ule mkavu ukalegea.

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalingoja tangu Jumapili," alisema. "Inuka. Twende tukamuulize mwenyewe."

Akaeleza kwa maneno machache. Watakwenda na unga wa mtama na maji. Zuleha atamimina unga upande wa kichwa cha kaburi, fungu dogo, na kusema shida yake. Fungu likisimama, bibi ameridhia na kaburi litafunguliwa. Likianguka, amekataa, na hakuna atakayegusa jembe.

Walikwenda wanne: Kibwana na bakuli la unga, Halidi na jembe begani, Zuleha na ndoo ya maji, kata na shuka, na Irene nyuma yao. Ilikuwa saa nane mchana, lakini kwa ukungu ule ungesema magharibi imeingia. Kaburi liko mwisho wa shamba, pembeni ya makaburi mengine ya ukoo, udongo wake bado mwekundu na mbichi.

Zuleha alipiga magoti. Akachota unga kwa mkono wa kulia.

"Bibi, ni mimi Zuleha. Nimechelewa. Nimekuja kukuaga, na kukuomba ruhusa."

Unga ukashuka taratibu, ukafanya fungu jeupe lenye ncha. Likasimama kwa pumzi moja. Halafu likaporomoka.

"Rudia," alisema Kibwana.

Akarudia. Likaporomoka.

Mara ya tatu fungu halikufika hata kuwa fungu. Unga ulitawanyika ukiwa bado mkononi, na hapakuwa na upepo. Utasema unyevu. Sema. Lakini ungekuwa pale, usingesema kwa sauti.

Zuleha aliinamisha kichwa. "Amekataa," alinong'ona.

"Bado," alisema Kibwana. "Mtu akikataa, unga huanguka mara moja na basi. Huu unahangaika. Kuna neno limefichwa hapa, na unga hausimami juu ya neno lililofichwa. Mwenye nalo alitoe."

Akachota maji kwa kata. Kila mmoja anywe kidogo, ayateme chini, aseme kilichomkaa moyoni. Alianza yeye mwenyewe.

"Nilimkasirikia mtoto," alisema. "Siku ya mazishi alinipa mkono, nikajifanya sijauona."

Kata ikaenda kwa Halidi. "Mimi jogoo nilikuwa namtaka kweli," alisema mtani. "Na mwaka juzi nilichimba mihogo ya marehemu bila kumwambia. Alijua. Sina zaidi."

Zuleha naye akatema. "Nilijua kwamba mjomba anatakiwa kuulizwa. Nikanyamaza kwa sababu niliogopa atakataa."

Kata ikamfikia Irene.

"Mimi si wa ukoo," alisema. "Mimi ni mgeni tu."

"Kunywa," alisema Kibwana.

Akanywa. Alitaka kuyameza. Ile harufu ilikuwa imerudi, iko karibu kabisa, kama mtu amesimama begani kwake akitafuna. Akayatema maji kwenye udongo mwekundu, akabaki ameinama.

"Alipiga," alisema.

"Nani alipiga?" Zuleha aliuliza.

"Bibi yako. Alhamisi. Alipiga mara saba kwenye simu yako, nikaziangalia tu. Ya nane nikaipokea. Alikohoa kwanza. Alikohoa sana, nikadhani hatasema kitu."

Kibwana aliiweka kata chini.

"Akaniuliza mimi nani, nikamwambia kocha. Ijumaa ndiyo ilikuwa mechi ya kuagwa, Zule, na yule mtu wa Ureno alikuwa anakuja kukutazama wewe. Nikasema moyoni, nikimwambia leo, ataondoka leo, na kesho hatadaka. Nikasema nitamwambia Jumamosi. Jumamosi ulikuwa na furaha, umepata nafasi, nikasema kesho. Jioni ile ile zikaja habari za msiba. Nikazifuta zile simu kwenye orodha yako ili usizione."

Zuleha alikuwa akimtazama bila kupepesa, jinsi anavyoutazama mpira unaokuja.

"Alisemaje?"

"Zule..."

"Nauliza alisemaje."

Irene alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Alisema, 'Mwambie mjukuu wangu nimemruhusu. Kibwana nitaongea naye mimi. Aende, akaione hiyo bahari, aniangalizie na mimi. Lakini apite kwanza tuagane, maana nina siku chache.' Kisha akakohoa tena. Simu ikakatika."

Naandika haya na hasira imenikaa kooni, nisamehewe. Siku tatu mtoto wa watu anatembea akiamini kwamba aliyemlea amekufa akimkatalia, anakipisha kila kivuli, anaogopa migomba aliyokulia, na kumbe ruhusa ilishatolewa siku nyingi. Ilikuwa imekaa kwa mtu anayemwita "Zule" na kumwambia akalale.

Kibwana alikuwa amegeukia makaburi. Mabega yake yalitikisika mara mbili. Alipogeuka tena, macho yalikuwa mekundu.

"Mimina," alimwambia mpwa wake.

Zuleha akamimina, unga mwingine ukaangukia magotini. Fungu likasimama. Wakangoja. Manyunyu yakaanza, matone yakachora vishimo vidogo kwenye udongo pande zote, na fungu likabaki na ncha yake.

"Ameridhia," alisema Kibwana.

Mzee Halidi alitema mate viganjani, akainua jembe.

"Ngoja, babu," alisema Zuleha. Akamnyang'anya lile jembe taratibu, akalibeba mpaka mbele ya mwalimu wake. Mikono ile imezoea kudaka mikwaju, ikamkabidhi mpini.

"Chimba wewe."

Irene hakubisha. Alichimba. Hajawahi kushika jembe tangu aondoke kwao Njombe, na kabla hajafika magotini viganja vilishachubuka. Halidi alikuwa akipokea udongo na kuuweka pembeni kimyakimya, hana hata utani mmoja. Ilikuwa kazi ya karibu saa nzima. Kila jembe liliposhuka Irene alisema neno lile lile chini ya pumzi, na mimi siwaambii lilikuwa neno gani kwa sababu halikuwa letu.

Mbao zilipoonekana, Kibwana alimtoa shimoni. Zuleha na Halidi wakatandaza shuka juu ya kaburi, kama lilivyotandazwa siku ya maziko, maana aliye ndani ni mwanamke. Mtoto wa kiume akashuka kwa mama yake peke yake.

Walisikia ubao mmoja ukiinuliwa, wa katikati, pale ambapo shati la Halidi lingekuwa. "Hakuna," alisema Kibwana kutoka chini. Ubao wa pili. "Hakuna."

Zuleha alifumba macho.

Ubao wa tatu, wa upande wa kichwa. Safari hii Kibwana hakusema kitu. Alikaa chini mle muda mrefu mpaka Halidi akamwita jina lake mara mbili. Ndipo mkono ukatokea chini ya shuka, na mkononi mna kitabu cha bluu.

Alipanda akiwa amekwajuka kama aliyetoka kuugua.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza Halidi.

"Chini ya shavu lake."

"Chini ya shavu?" Mtani alirudi hatua moja nyuma. "Kibwana, mimi nilijilaza kinyume. Kichwa changu kilikuwa upande wa miguu yake, si ulinicheka wewe mwenyewe? Mfuko wangu haukufika kule."

"Sikatai," alisema Kibwana. "Na shavu lile nililiegemeza mimi kwenye udongo, Jumapili, kwa mkono wangu huu. Nilipapasa nisimwache na jiwe likamuumiza. Hapakuwa na kitu." Akapangusa udongo kwenye kiganja. "Amekilalia. Alikuwa akilalia hivyo vitu asivyotaka vipotee."

Zuleha aliipokea pasipoti. Ilikuwa kavu. Akafungua, picha yake ipo, viza ipo, hakuna hata punje ya mchanga kati ya kurasa. Akaibana kifuani kwa mikono miwili, na sasa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na mjomba wake akamshika kichwa akamwacha alie.

Irene alilifukia kaburi peke yake. Halidi alitaka kumsaidia, Kibwana akamzuia kwa macho.

Udongo uliporudi mahali pake, Zuleha aliweka kiganja juu yake. "Nimekuja, bibi," alisema. "Naondoka kesho. Bahari nitakuangalizia."

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na chini kabisa barabara ya kwenda mjini ilionekana kipande. Irene aliegemea jembe, udongo mpaka kwenye viwiko, akasema kwa upole, "Zule, nitakuomba msamaha maisha yangu yote. Lakini tukishuka sasa tutawahi. Twende."

Zuleha alifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ureno nakwenda," alisema. "Wewe huendi, kocha."

Irene alidhani amesikia vibaya. "Barua ya ubalozi ina jina langu peke yangu," alisema. "Mimi ndiye mlezi wenu njia nzima. Nisipopanda ndege mimi, hapandi hata mmoja. Ruchi, Sabra, wasichana wote kumi na nane. Mabegi yako dukani kwa Shabbir. Zuleha, unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Mtoto aliitia pasipoti ndani ya blauzi, mahali ambapo hakuna mtani angethubutu kupeleka mkono.

"Sijui," alisema. "Una mpaka saa kumi na mbili asubuhi."